Mama Samahani

Muuza nyama alikuwa ameinua shoka juu ya mbavu za ng'ombe aliposikia mwanamke kwenye foleni akisema, "Samahani, kaka, nipunguzie mafuta." Shoka likabaki hewani. Akageuka, akamtazama mwanamke yule kuanzia kilemba mpaka ndara.

"Rudia ulivyosema."

"Nimesema unipunguzie mafuta."

"Hapana. Anzia kwenye samahani."

Foleni nzima ikageuka. Mwanamke akasita, kisha akasema, "Samahani."

"Ndiye!" Muuza nyama akapigilia shoka kwenye gogo. "Jamani, ndiye huyu! Yule wa simu ya ubalozi! Kila asubuhi ananiambia hakuna nafasi, nijaribu tena. Mjukuu wangu namwona kwa kioo cha simu tu, na picha ikikwama nabaki natazamana na tundu la pua. Mama, nimekukosea nini mimi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja mwenye kikapu hakucheka. "Mtu ana sauti ya kubembeleza mtoto," alisema, "kumbe kazi yake kuwafungia watu mlango."

Kuanzia siku hiyo mtaa ulimwita Mama Samahani. Hakulikana jina hilo, kwa sababu sauti ilikuwa yake kweli. Kwa miaka mingi alisoma habari redioni. Redio ilipofungwa, kijana ambaye yeye alikuwa amemfundisha kazi pale alimfuata nyumbani. Kijana huyo sasa alikuwa wakala wa kampuni ya ng'ambo. Kampuni ilikuwa imepewa na ubalozi wa nchi moja tajiri kazi ya kupanga mahojiano ya watu wanaoomba ruhusa ya kusafiri. Nafasi za mahojiano zilitolewa kila asubuhi kwenye mtandao. Kwa wale ambao mtandao wao ni dhaifu, ubalozi ulitangaza kwamba ipo namba ya simu. Namba hiyo ilijibiwa na mashine, na mashine ilihitaji sauti ya kuaminika. Mama Samahani alisoma sentensi alizopewa. Hakujua kwamba binti yake mwenyewe angezisikia zaidi ya mtu yeyote.

Binti alifanya kazi katika karakana ya viungo bandia. Alichonga nyayo za mbao, akakaza mikanda ya magoti, akawafundisha watu waliokatwa miguu kusimama upya. Chuo kimoja katika nchi ile kilikuwa kimemkubali ajifunze kutengeneza miguu yenye viungo vinavyopinda vyenyewe. Sharti lilikuwa moja: afike kabla muhula haujafunguliwa. Asipofika, nafasi yake chuoni ingepewa mwingine, na chuo hakikubali maombi ya mtu yuleyule mara mbili.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, binti aliweka simu mbili mezani. Moja ilifungua ukurasa wa ubalozi. Nyingine ilipiga ile namba.

"Ukurasa unafunguka?" mama aliuliza akiwa jikoni.

"Unazunguka."

"Bado?"

"Mama, huu hauzunguki tena. Huu unatawafu kama hujaji Makka. Rafiki yangu wa kule aliufungua jana kunijaribia. Anasema ulifunguka kabla hajaondoa kidole."

"Basi si akuchukulie nafasi?"

"Wanakataa. Mwombaji lazima awe huku. Na wa huku wanaowahi ni wale wa maofisi ya ghorofani, wenye waya wao wenyewe. Sisi ukurasa ukishafunguka tunakuta sahani zimeshaoshwa."

Simu ya pili ikaunganishwa. Sauti ya mama ikajaa chumbani, tulivu na safi, kama ya zamani redioni: "Asante kwa kupiga simu. Samahani, kwa sasa hakuna nafasi. Tafadhali jaribu tena."

"Umeninyima tena, Mama," binti alisema.

Mwanzoni alikuwa akiyasema hayo kwa utani, na wote wawili wakicheka. Siku hizi hakuna aliyecheka. Binti alikunja waya wa chaja, akachukua mkoba, akaondoka bila kumaliza chai.

Muhula ulipokaribia, wakala alimwita mama kwa kazi mpya. Chumba cha kurekodia kilikuwa kilekile: magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za barabara, kiti kimoja, kipaza sauti kilichovikwa soksi. Mlangoni palibandikwa bango la kampuni. Lilikuwa na picha ya msichana wa ng'ambo aliyevaa vidude vya masikioni na kutabasamu. Chini yake iliandikwa namba ya makao makuu, pamoja na ahadi kwa raia wa kule: hakuna simu itakayopotea, ukitukosa, tutakupigia siku hiyohiyo.

"Safari hii ni sentensi chache tu, Dada," wakala alisema. "Wapigaji wamelalamika. Wanasema sauti haina upole. Wakubwa wanataka huruma zaidi kwenye samahani."

"Huruma zaidi."

"Kidogo tu. Kama unamwambia mtu aliyefiwa."

Mama alizipitia sentensi. Kulikuwa na samahani ya asubuhi, samahani ya sikukuu, samahani ya siku ambayo mitambo inafanyiwa matengenezo. Akainua macho.

"Na ile ya kumwambia mtu kwamba amepata, nitaisoma lini?"

"Ipi?"

"Ile ya kusema hongera, umepata nafasi, fika siku fulani. Mara ya kwanza sikuisoma. Nikadhani umempa mtu mwingine."

Wakala aliangalia viatu vyake. "Dada, hiyo haipo."

"Haipo kwenye karatasi, au haipo kabisa?"

"Haikuagizwa."

"Kwa nini?"

"Sasa iagizwe ya nini, na simu haijapewa nafasi? Nafasi zote ziko mtandaoni. Simu ni ya... unajua tena. Wakiulizwa, waweze kusema hata wasio na mtandao wanahudumiwa. Usinitazame hivyo, Dada. Mimi ni mfuko tu, wao ndio wanaotia na kutoa."

Mama hakupiga kelele. Hasira yake haikuwa ya kupanda juu; ilishuka, ikatulia kama jiwe la kusagia. Alimwona binti yake mezani, asubuhi baada ya asubuhi, akisubiri kwa heshima jibu la mashine isiyojua neno la kukubali. Aliwaona watu wa foleni ya nyama. Wote walikuwa wameomba maji kwenye kisima cha kuchorwa ukutani, na yeye ndiye aliyewekwa pale awaambie wainamishe ndoo tena.

"Washa," alisema. "Tufanye kazi."

Kazi ile ilikuwa na tobo, na tobo lilitobolewa na wakala mwenyewe. Kampuni ilikuwa imemwagiza aajiri watu wawili: msomaji, na mhakiki wa kusikiliza kama msomaji amesema yaliyoandikwa. Wakala aliona hiyo ni hasara. Kazi zote mbili alimpa mtu mmoja, na akawaambia wa ng'ambo kwamba ni wawili. Kule hakuna aliyejua Kiswahili. Mtambo wao ulipima urefu wa sentensi na usafi wa sauti, ukaridhika. Kwa hiyo Mama Samahani alijisoma, akajisikiliza, akajipitisha.

Wakala alitoka nje kununua soda. Mama akavuta pumzi. Alitengeneza sentensi zake kwa ufundi wa redioni, akapunguza neno hapa, akaongeza kituo pale, mpaka zikalingana kwa urefu na zile alizoagizwa. Kisha akasema, kwa huruma yote waliyoiomba:

"Asante kwa kupiga simu. Hapa hakuna nafasi, wala haijawahi kuwapo. Nafasi ziko makao makuu, kwa watu wenye masikio. Usiwapigie. Wabip. Ni lazima wakupigie."

Halafu akasoma namba iliyokuwa kwenye bango, tarakimu moja moja, kama anayetangaza matokeo ya uchaguzi.

Kubip hakukuhitaji kufundishwa. Ni elimu ya kila mwenye simu isiyo na salio: unapiga, ikilia mara moja unakata, na mwenye uwezo anakupigia kwa gharama yake. Kule ng'ambo elimu hiyo haikuwapo. Walikuwa na ahadi yao tu, imebandikwa ukutani, na mitambo iliyowekwa kuitimiza.

Asubuhi iliyofuata muuza nyama alisikiliza simu ya ubalozi kwa uvivu, akitarajia yaleyale. Ghafla akafuta mikono kwenye aproni. Akabip. Hakuwa amemaliza kufunga paja la mbuzi simu yake ilipolia.

"Mwalimu!" alimwita mteja aliyesoma. "Njoo uongee na hawa! Mtu mzima huyu, anapumua kabisa!"

Mwalimu akaongea. Mhudumu wa kule, msichana mwenye haraka, akafungua ukurasa uleule wa ubalozi kwa mtandao wake wa kasi na ruhusa yake ya mfanyakazi, akamjazia muuza nyama nafasi kabla mwalimu hajamaliza kueleza habari za mjukuu. Bucha likalipuka kwa vigelegele.

Nyumbani, binti alipata nafasi kabla chai haijapoa. Alikaa akiitazama simu kana kwamba imemng'ata.

"Mama, ulichofanya..."

"Nimefanya nini? Nimesoma nilichoambiwa. Walitaka huruma."

Binti alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena.

Mji mzima ulibip. Walibip mafundi cherehani, wauguzi, wazee wenye watoto ng'ambo, hata watu wasiotaka kwenda popote walibip kwa raha ya kupigiwa na tajiri. Mitambo ya makao makuu ilitii ahadi yake na kumpigia kila mmoja. Raia wa kule, kwa mara ya kwanza, walipiga namba yao wakakuta laini imejaa. Walilalamika kwa uchungu mkubwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kampuni ilijaribu kuzima moto. Wakala alirekodi tangazo kwa sauti yake: namba ile si sahihi, wananchi waache kuitumia. Watu walisikiliza wakacheka. "Huyu nani?" waliulizana. "Mwenye simu yuko wapi?" Wakabip zaidi.

Ndipo wakala akaja nyumbani kwa mama, shati limelowa jasho.

"Dada, umeniua."

"Karibu ukae. Maiti hasimami mlangoni."

"Nimewaambia mhakiki alilala kazini, nimemfukuza. Wewe nimekuokoa. Lakini Mkuu wa Huduma wa makao makuu anataka kuzungumza nawe. Watu hawaamini sauti nyingine."

Alipokuwa akisema hayo simu yake iliita. Laini za ofisi zilikuwa zimejaa, hivyo Mkuu wa Huduma alikuwa akitumia simu yake ya mkononi. Wakala aliiweka mezani, sauti juu, akatafsiri. Mama alisikiliza akiitazama namba iliyong'aa kwenye kioo. Kichwa chake kilikuwa kimezoea kubeba tarakimu tangu redioni, za mvua, za kura na za majeruhi.

"Anasema nafasi zote zilizotolewa kwa njia ya bip zimefutwa. Ni za udanganyifu."

"Zote?"

Wakala akauliza, akasikiliza. "Zote. Ila amejua kuhusu binti yako. Yake inaweza kubaki. Ukirekodi tangazo kwamba ile namba ilikuwa kosa, na watu warudi kwenye simu ya ubalozi. Usiporekodi, na yake inafutwa."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Na wengine je?" aliuliza. "Muuza nyama je?"

Mama alimtupia jicho. Alikohoa. Akakohoa tena, kwa muda mrefu, akashika koo. Alipozungumza, sauti ilitoka imekwaruza kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mwambie nimekubali. Lakini asikie mwenyewe. Koo limekauka. Nitarekodi nikipona."

Wakala akatafsiri. Upande wa pili yakaja maneno makali. Hawakuwa na sauti nyingine. Mkuu akakubali.

Wakala alipoondoka, binti alisema, "Mama, usinifanye niende kwa mgongo wa watu."

"Wewe nenda," mama alisema, koo likiwa zima kabisa. "Hao wengine niachie mimi. Na kuanzia sasa usinisemeshe mbele za watu. Mimi mgonjwa."

Ugonjwa ule ulimgharimu. Alizunguka sokoni akinyoosha kidole: nyanya hizi, kitunguu kile. Muuza nyama alikuwa amepata habari za kufutiwa nafasi, tena amesikia kwamba binti wa Mama Samahani ameitwa kwenye mahojiano na kupita.

"Yetu yamekufa, yako yamestawi," alimwambia mbele ya foleni. "Wamekununua, sivyo? Sema. Mbona simuni ulikuwa na ulimi?"

Mama alinyoosha kidole kwenye kipande cha mfupa.

"Hata samahani huisemi leo?"

Alichukua mfupa wake akaondoka. Angeweza kumnong'oneza neno moja tu. Lakini neno la buchani huwa halilali. Lingefika kwa wakala kabla nyama haijachemka, na binti alikuwa bado hajapanda ndege. Alimeza.

Wakala alikuja mara kwa mara na asali, tangawizi na vitisho. Mama alimpokea kwa shali shingoni na kukohoa kwa adabu. Binti akapewa pasipoti yenye ruhusa. Binti akafunga sanduku. Binti akapanda ndege, na mama akarudi nyumbani akaendelea kuumwa, kwa kuwa mtu aliyefika uwanjani bado anaweza kurudishwa.

Kisha simu ikalia. Picha ya binti ilikuwa angavu, haikukwama hata mara moja upande wake. Ilikwama upande wa mama tu.

"Mama, nimesajiliwa. Nina kadi ya chuo. Nina benchi langu mwenyewe la kuchongea. Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana," mama alisema. Akavua shali, akalikunja, akaliweka kabatini.

Katika chumba cha magodoro, wakala alivaa vidude vya masikioni. Safari hii yeye ndiye mhakiki, kwa amri ya Mkuu. Alimpa mama karatasi. Mama akaigeuza maandishi yatazame chini, akasogelea kipaza sauti.

"Ndugu wapigaji," alisema, kwa sauti iliyopumzika vya kutosha. "Nafasi zenu zimefutwa. Hazikufutwa na mashine. Zimefutwa na mtu, na mtu huyo ana simu mfukoni. Mwambieni azirudishe. Usiku mwacheni alale. Mchana, mbip."

Akasoma namba ya Mkuu wa Huduma, yote, bila kutazama popote.

Wakala alikuwa ameng'oa vidude masikioni. "Hapana. Hapana, Dada. Hii sipitishi."

"Utaipitisha."

"Nitafukuzwa!"

"Huenda. Lakini yule mhakiki uliyemfukuza, wakikuuliza jina lake utawaambia nani? Mimi nitawasaidia kulikumbuka. Tena mtaa mzima unanijua mimi. Wewe bado hawakujui. Nimetukanwa kwa ajili yako tangu mwanzo, na sijawahi kutaja nyumba yako. Unataka nianze leo?"

Wakala alimtazama mwalimu wake wa zamani. Huyo ndiye aliyemfundisha kusoma bila kutetemeka. Akabonyeza kitufe cha kupitisha.

Asubuhi hiyo muuza nyama alipiga simu ya ubalozi mara mbili, ili ahakikishe. Kisha akafunga bucha katikati ya biashara, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akaenda mpaka mlangoni kwa Mama Samahani na kilo za nyama isiyo na mafuta hata chembe. Akamkabidhi mfuko.

"Umebip?" mama alimuuliza.

"Nimebip. Na mke wangu amebip. Na mama yangu mzee anafundishwa."

Mkuu wa Huduma alizima simu. Alipoiwasha, ilianza upya. Ililia mkutanoni, ililia akiwa mezani na familia, ililia na kukatika, ikalia na kukatika, na kila mlio ulikuwa wa mtu aliyewahi kuambiwa ajaribu tena. Kubadili namba hakuweza, kwa kuwa ofisi yake, benki yake na mlango wa nyumba yake vilifunguliwa kwa namba hiyohiyo. Huo ndio utajiri wa kule: mtu mzima kufungwa kwenye kidude kimoja.

Hatimaye wakala akaja tena. Alikuwa hana kazi, na kwa sababu hiyo alionekana amelala vizuri.

"Ujumbe wangu wa mwisho kutoka kwao, Dada. Nafasi zimerudishwa. Zote. Na simu ya ubalozi itawekewa mtu wa kujibu, mtu wa kweli. Anakuomba sasa uwaambie watu waache."

Mama alikuwa akimenya viazi. Alimaliza kimoja, akakitupia kwenye sufuria ya maji.

"Muuza nyama ameshapewa tarehe?"

"Ameshapewa. Nimeiona kwa macho yangu."

"Nitawaambia."

"Lini?"

Mama alijifuta mikono, akachukua simu iliyokuwa kando ya ubao, akabonyeza ile namba ya Mkuu bila haraka. Akasikiliza mlio mmoja, akakata.

"Wakichoka," alisema, akachukua kiazi kingine.